Yai la Ukutani

Baba yangu alikuwa mchoraji wa vibao. Kule Goma nilikozaliwa, ungepita mtaa wowote ungekutana na kazi ya mkono wake: kichwa cha ng'ombe juu ya duka la nyama, mkasi na kitana kwa kinyozi, gurudumu kwa fundi wa baiskeli. Hakuna aliyemfundisha. Alianza kwa kuandika majina kwenye milango ya magari, na mwisho watu wakamwachia kuta nzima.

Mama alifariki tukiwa bado huko, tukamzika huko. Vita ilipopita na watu wakaanza kuvuka mpaka, baba akasema na sisi tunarudi nyumbani. Nilikuwa mtu mzima tayari. Nikamwuliza nyumbani ni wapi, maana yeye mwenyewe alizaliwa Masisi, na Rwanda aliijua kwa masimulizi ya baba yake tu.

"Mama," akanijibu, "tunarudi fasi bazee balitoka," yaani mahali wazee walikotoka.

Ndivyo alivyoniita siku zote, Mama, kwa kuwa nina jina la mama yake. Tukavuka na magodoro mawili, sufuria, na kopo la maziwa ya unga alimowekea brashi zake.

Tulipanga vyumba viwili Nengo, mtaa wa Gisenyi, ng'ambo tu ya mpaka. Mimi nilijipatia kazi upesi. Asubuhi nilivuka na karoti na kabichi kuuza Goma, mchana nikarudi na sabuni, chumvi, chochote kilichoweza kuuzika upande wetu. Baba ndiye aliyekwama. Gisenyi ya miaka ile haikuwa na haja ya vibao. Maduka mengi yalikuwa yamefungwa, na yaliyofunguliwa kila mtu alijua yanauza nini. Halafu Kinyarwanda chake kilikuwa cha zamani, kimejaa maneno ya babu, vijana wakimsikia wanaangaliana. Walimwita Mzairwa, yaani mtu wa Zaire. Goma walikuwa wakimwita Mnyarwanda.

Kazi aliyoipata ilitoka kwa seremala mmoja jirani yetu, na seremala huyo wakati ule alitengeneza majeneza zaidi kuliko meza. Baba alimwandikia majina kwenye misalaba. Aliketi nyuma ya nyumba, ubao umelala magotini, rangi nyeupe kwanza, kisha herufi nyeusi. Hakuwa amesoma sana, kwa hiyo aliniuliza jinsi ya kuandika kila jina, na mimi nilimtajia herufi moja moja huku nikimenya viazi. Wakati mwingine yalikuwa majina matatu ya ukoo mmoja. Zamani alikuwa na tabia ya kupiga mluzi akifanya kazi. Kwenye misalaba hakupiga.

Basi siku moja akaja mama mmoja, mjane, mwenye mkahawa mdogo kwenye barabara inayoshuka ziwani. Alikuwa mtu wa Goma kama sisi, mnene, sauti yake inafika kabla yake. Alimkumbuka baba kutokana na kibao alichowahi kumchorea kaka yake.

"Muzee," akasema, bado amesimama mlangoni, "minataka ukuta yangu iite batu. Mutu akipita, tumbo imugeuze, imurudishe ndani."

"Unataka nichore nini?"

"Chakula. Chakula tu. Lakini ikuwe kubwa. Ile utaona ata ukiwa kule kwa mayi," akasema akionyesha ziwani.

Hakuwa na uwezo wa kumlipa. Walikubaliana kwamba rangi atanunua yeye, na baba atakula sahani moja kila mchana pale mkahawani, muda wote utakaokuwa wazi. Baba alimpa mkono bila hata kufikiri. Jioni ile alitoa brashi zote, akaziosha kwa petroli, akazipanga juu ya gazeti. Nilimsikia akipiga mluzi.

Rangi nilizinunua mimi Goma, kwa pesa za mjane. Afisa wa mpakani alifungua kopo la rangi ya njano, akachovya kidole, akauliza ni ya kazi gani. Nikamwambia ni ya kuchora yai. Akacheka mpaka akaniruhusu kupita bila kufungua mengine.

Sasa nieleze jinsi alivyochora. Alimwambia mjane ampikie kila chakula kabla ya kukichora. Sahani iliwekwa juu ya kigoda uani, naye anaizunguka kama mtu anayenunua mbuzi, anainama, anaangalia mafuta yanavyong'aa, anaangalia kivuli. Kisha anakaa na kula yote. "Kitu sijaonja, mukono yangu haikijue," alisema. Mjane alilalamika kuwa mzee huyu atamfilisi kabla ukuta haujakwisha, lakini alilalamika akicheka.

Ukuta ulipokamilika, watu walisimama barabarani. Juu kabisa alichora sambaza, yule samaki mdogo wa ziwa letu anayeliwa mzima mzima, lakini huyu alikuwa na urefu wa mtumbwi, amevaa tai, ana mkoba kwapani, anakwenda ofisini. Pembeni yake palikuwa na kopo la nyanya refu kuliko mtu, kifuniko chake kimeinuliwa kama kofia inayosalimia. Palikuwa na haragwe moja jekundu, moja tu, kubwa kama ng'ombe aliyelala, na mng'ao mweupe mgongoni. Palikuwa na viazi katika mstari, vimejitwika mizigo kichwani, kimoja kimebeba sufuria, kingine kimemshika mkono kiazi mtoto, vyote vinatembea kuelekea kwenye chungu. Wote tuliosimama pale tuliwahi kutembea hivyo, na wote tulicheka. Sijui kama nimewahi tena kuona watu wa Gisenyi wakicheka pamoja namna ile katika miaka hiyo.

Na chini, karibu na mlango, alichora yai la kukaanga. Lilikuwa pana kuliko mlango wenyewe. Kingo zake zilikuwa za kahawia, zimejikunja kama zilivyojikunja kwenye mafuta, na kiini chake kilivimba mbele kiasi kwamba ulitaka kukitoboa kwa kidole. Lilichorwa chini kwa sababu huko ndiko ukuta ulikobaki na nafasi. Hakukuwa na sababu nyingine.

Mjane alipata wateja. Walikuja makarani, walikuja wachuuzi wenzangu wa mpakani, walikuja wanaume wa Rubona, bandari ndogo ya ziwani, waliotoka kazini. Siku moja akaja msichana wa kizungu aliyefanya kazi na shirika la misaada, akapiga picha, akamwambia baba kwa Kifaransa kwamba kwao picha kama hizi, za makopo na vyakula vilivyokuzwa, zinatundikwa katika majumba makubwa na watu wanalipa kuingia kuziangalia. Baba alisikiliza kwa heshima. Yule msichana alipoondoka, akaniuliza, "Na kwenye hizo nyumba, banauzisha chakula pia?" Nikamwambia sidhani. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye sahani yake.

Hayo hayakudumu. Vita ilirudi. Mapigano yalikuwa milimani, nasi mjini tuliyasikia kama mtu anayesikia mvua ya kijiji cha jirani. Asubuhi milio, mchana kimya, jioni kila mtu ndani. Watu wa milimani waliacha mashamba, na viazi vikaoza ardhini huku sokoni hakuna kiazi. Mimi mwenyewe nilikosa karoti za kuvusha. Wiki kwa wiki watu walishuka mjini na mikeka na watoto, wakapiga kambi kwenye uwanja ulio jirani na shule, chini ya mahema ya plastiki.

Kwa mjane vyakula vilipungua kimoja kimoja. Kwanza nyama, kisha mayai, kisha samaki, kwa sababu wavuvi walikatazwa kuingia ziwani jioni. Mwisho ilibaki bugali na maharagwe, na siku nyingine uji. Wateja walianza mzaha: "Maman, nipe ile ya kwa ukuta." Mwanzoni naye alicheka. Baadaye mtu akisema hivyo alikuwa anageuka na kuingia jikoni.

Wakati huo ndipo mtoto yule alipoanza kuja. Alikuwa msichana mdogo wa kambini, labda alikuwa na umri wa kuanza shule, amevaa sweta ya mtu mkubwa iliyomfika magotini. Alikuja peke yake na kusimama mbele ya yai. Hakuomba. Hakumwangalia mtu. Baba, ambaye mchana alikuwa pale akingoja sahani yake, alifurahi kumwona.

"Angalia ule mutoto," aliniambia nilipopita kumsalimia. "Bengine banapita tu. Ule anaangalia."

Siku moja nilikuwepo. Mtoto alisogea ukutani, akaweka viganja vyake viwili juu ya kiini, akalamba. Alilamba taratibu, amefumba macho. Kisha akasimama akiwa na chokaa mdomoni, akaangalia ukuta, akalamba mahali pengine.

Baba alitupa kiti nyuma kwa jinsi alivyosimama. Alimshika mtoto mabega, akamfuta mdomo kwa shati lake. "Hapana," alimwambia kwa kile Kinyarwanda chake cha zamani. "Hapana, mwanangu, hii ni rangi. Hii inaumiza tumbo."

Mtoto alianza kulia, na kilio chake ndicho kilichomleta mama yake, ambaye alikuwa akimtafuta barabara nzima. Alikuwa mwanamke mwembamba, kitenge chake kimefungwa vizuri licha ya yote. Nilidhani atagomba. Aliinama akamsalimia baba kwa heshima, akauliza, "Mzee, nani alichora hivi?"

"Ni mimi, mama."

"Ni vizuri," akasema. "Mikono yako ina baraka. Lakini nakuomba kitu. Huyu mtoto tangu aone yai hilo anakataa uji wa kambini. Namwambia kunywa, ananiambia hapana, chini kule kuna yai kubwa, tutakwenda kula hilo. Amekuwa mwepesi, nikimbeba nasikia. Mzee, kama inawezekana, ulifute."

Mwanamke hakungoja jibu. Alimbeba mtoto mgongoni, akapanda na barabara.

Mchana huo baba alimwambia mjane kwamba anataka kupaka rangi nyeupe juu ya yai. Mjane alikuwa anasonga bugali. Hakuacha kusonga.

"Muzee, hapana."

"Mutoto anakufa njaa juu ya kazi yangu."

"Mutoto anakufa njaa juu ya vita. Si we ulileta vita." Mwiko ulikuwa unagonga sufuria. "Mi niko na watoto wane mu ile nyumba. Batu benye banakuja hapa, banakuja juu ya ule ukuta, banacheka kidogo, banakula kidogo. Ukifuta, banapita. Donc basi, utakuwa umeponyesha mutoto moja, na umeua bangu."

"Basi umupe chakula."

"Nikimupa moja leo, kesho kambi yote iko kwa mulango. Mi nitabapa nini? Rangi?"

Mimi nilikuwa nimesimama kati yao na sikuona aliyekosea.

Kesho yake baba alikwenda kambini. Alimtafuta yule mama hema kwa hema mpaka akampata, akamwomba amruhusu mtoto aje mkahawani kila mchana. Hakutaka watoto wengine waone, kwa sababu sahani ilikuwa moja, hivyo mtoto aliingizwa kwa mlango wa nyuma, akaketi uani kwenye kile kigoda na kula akiwa ameelekea ukuta wa jikoni. Baba alikuwa anaona haya kwa kumficha hivyo. Aliniambia kwamba katika maisha yake hajawahi kumlisha mtu kama anayeiba. Sahani ilikuwa ile yake. Yeye alisema anakula nyumbani, na nyumbani aliniambia amekula mkahawani, na mimi nikitoka mpakani nimechoka sikuangalia sana. Mjane ndiye aliyejua. Hakusema kitu, ila bugali la ile sahani lilianza kuwa kubwa.

Mtoto aliuliza swali lilelile kila alipomaliza kula. Alionyesha kwa mkono upande wa barabara, akasema, "Na lile?"

"Lile bado linaiva," baba alimjibu.

"Litaiva lini?"

"Moto ni mdogo. Ngoja."

Mtoto alianza kumzoea. Alimwita babu. Aligundua kwamba viazi vya ukutani vina nyuso, akavipa majina yote, na kile kiazi mtoto akakipa jina lake mwenyewe. Baba alinisimulia mambo hayo jioni tukiwa gizani, maana mafuta ya taa tuliyabana, na nilisikia sauti yake ikiwa nyepesi. Kisha siku moja akaniambia, "Mama, kesho ukienda Goma, unitafutie yai."

Mayai yalikuwa adimu hata Goma, lakini nilipata. Moja. Nililifunga kwenye kitambaa, nikalitia katikati ya miche ya sabuni, nikavuka nalo nikiwa ninaomba Mungu mtu asinisukume. Siku iliyofuata, ilikuwa karibu saa sita, nililipeleka mwenyewe mkahawani. Mjane aliosha kikaango, akatafuta mafuta yaliyobaki chini ya chupa, akaniambia mtoto akifika nisimwingize kabla halijaiva kingo, liwe sawasawa na lile la nje.

Baba alikuwa amekwenda kumchukua. Tulisubiri. Yai likaiva. Mjane akalitoa, akaliweka kwenye sahani ya maua, ile ya wageni.

Baba alirudi peke yake. Alisimama mlangoni mwa jikoni, kofia mkononi.

"Hakuna mutu," akasema.

"Namna gani hakuna mutu?" mjane akauliza.

"Kambi haiko. Malori ilikuja asubui. Banasema banabarudisha kule kwao juu, bengine fasi ingine. Hakuna mwenye anajua nani alienda wapi. Iko paka plastiki na majivu tu."

Alikuwa amewauliza askari, amewauliza watu wa shule, amemwuliza mwanamke aliyekuwa akiokota vijiti vya mahema. Jina la kilima chao hakuwahi kuliuliza, wala jina la ukoo. Alijua jina la mtoto tu, na watoto wenye jina lile milimani ni wengi.

Yai lilikuwa linapoa mezani. Mjane alimsogezea baba sahani, baba akatikisa kichwa. Akamrudishia, naye mjane akasema yeye hawezi. Chakula hakitupwi, hasa mwaka ule. Nikalila mimi, kwa mkono, nimesimama. Lilikuwa na chumvi ya kutosha na lilikuwa tamu, na nililia nikilila, na sikuacha hata kipande.

Baada ya hapo baba aliendelea kwenda mkahawani mchana, lakini alikaa ndani, kiti kimegeukia jikoni. Jua lilipobabua uso wa sambaza, mjane alimwomba arekebishe, akasema atafanya, hakufanya. Mimi nilikuwa namwuliza kila mtu aliyeshuka sokoni kutoka milimani, hasa wanawake waliobeba viazi mashamba yalipoanza kulimwa tena. Nilieleza sweta, nilieleza mama mwembamba. Walinisikiliza. Mmoja aliniambia, bila ubaya wowote, "Dada, unanielezea watu wote."

Mwaka ulipogeuka, mjane aliamua kuhamia Kigali kwa mwanawe wa kwanza. Mwanaume aliyeinunua nyumba alitaka kufungua duka la vitambaa na nguo za ndani, na ukuta wenye maharagwe haukumfaa. Aliuliza mtaani nani anaweza kuupaka rangi, wakamwelekeza kwa baba. Nilifikiri atakataa. Aliuliza rangi gani, mwenye duka akasema buluu hafifu, baba akasema ni sawa.

Nilikwenda kumshikia ngazi. Alianza juu, kwa sambaza, akashuka na kopo, haragwe, viazi. Hakusimama kuangalia chochote. Alipofika kwenye yai alipiga magoti, kwa sababu ya mgongo, na alitumia brashi pana, viboko virefu vya kulala, kama mtu anayepaka ukuta wowote. Ilihitaji kurudiwa mara mbili. Wapita njia wawili watatu walisikitika. Kijana mmoja aliyezoea kula pale alisema kwa sauti kwamba mji sasa umebaki bila mzaha.

"Papa," nikamwuliza tulipokuwa tunaosha mikono kwa petroli, "unafikiri mutoto na mama yake bako wapi?"

Alijifuta kidole kwa kidole. Petroli ilikuwa imegeuka buluu kwenye bakuli.

"Minafikiri alikunywa uji," akasema. "Ile njo naomba. Kwamba kule balienda, hakuona kitu ingine, na alikunywa uji."

Jumatatu iliyofuata mwenye mtumbwi wa injini alimwita Rubona aandike namba ubavuni mwa chombo chake. Tulishuka pamoja kwa basi dogo, yeye amekaa dirishani, makopo mawili yako miguuni pake, jeupe na jeusi. Kazi iliisha kabla ya mchana. Mwenye mtumbwi alitukaribisha sambaza wa kukaanga, wa moto, kwenye karatasi, na baba akala vizuri, kichwa na mkia, huku akiangalia maji.